Ufafanuzi: Nani husasisha vifurushi vya programu zinazoendesha huduma za mtandaoni?

Julai 2025, wahandisi wa kompyuta katika nchi nyingi walipata taarifa iliyowashtua. Bitnami, mradi uliokuwa ukitoa bure vifurushi vya programu vilivyo tayari kutumika, ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 28 Agosti sehemu kubwa ya vifurushi hivyo haitapatikana tena bure kama ilivyozoeleka. Programu zenyewe, kwa mfano PostgreSQL na Redis, hazikuguswa. Kilichobadilika ni kazi ya mtu wa kati, yule anayezifungasha na kuzisasisha. Katika makala hii tunaeleza kazi hiyo ni ipi, na kwa nini ikisimama huduma nyingi huingia hatarini.

Chati ni nini?

Siku hizi programu nyingi za mtandaoni huendeshwa ndani ya makontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachohitaji. Mfumo unaoyapanga makontena hayo kwenye seva nyingi huitwa Kubernetes, ambao Google iliutangaza mwaka 2014. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa Helm, neno la Kiingereza lenye maana ya usukani, na vifurushi vyake vikaitwa chati, kama ramani za mabaharia.

Kwa hiyo chati hapa si jedwali wala mchoro wa takwimu. Ni seti ya mafaili yanayoeleza jinsi programu itakavyosimikwa: toleo gani litumike, itengewe kumbukumbu kiasi gani, data ihifadhiwe wapi na kontena lichukuliwe kutoka ghala lipi. Mhandisi hutoa amri moja tu, na kazi ya siku nzima huisha kwa dakika chache.

Nambari mbili, kazi mbili

Kwa kawaida chati hubeba nambari mbili: toleo la chati yenyewe na toleo la programu iliyomo. Walioandika programu wakitoa toleo jipya, mtunzaji wa chati hana budi kulifuata. Asipofanya hivyo, mtumiaji hubaki na programu yenye kasoro ambayo dawa yake imeshapatikana.

Mfano ni Log4j. Desemba 2021 iligundulika kasoro kubwa ya usalama katika programu hiyo, inayotumiwa ndani ya programu nyingine nyingi. Kwa kuwa marekebisho ya kwanza hayakutosha, matoleo 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 yalifuatana ndani ya mwezi huo mmoja. Aliyesasisha mara moja na kwenda likizo aliacha mlango wazi.

Kwa nini kazi hii isiachiwe mashine?

Zipo programu, kama Renovate na Dependabot, zinazochungulia chanzo na kupendekeza nambari mpya zenyewe. Zinasaidia sana, lakini kubadilisha nambari ni sehemu ndogo ya kazi. PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka, na toleo jipya haliwezi kufungua moja kwa moja mafaili ya data yaliyoandikwa na toleo kubwa lililotangulia. Mtu akibadilisha nambari tu bila kuhamisha data, hifadhidata inakataa kuwaka.

Isitoshe, chanzo chenyewe kinaweza kuchafuliwa. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alifichua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Safari hii waliokimbilia toleo jipya ndio waliolipokea, waliochelewa walinusurika. Kwa Log4j, kuchelewa kulikuwa hatari. Kwa xz, kuharakisha ndiko kulikokuwa hatari. Hapo ndipo inapohitajika akili ya mtu anayesoma mabadiliko, anayejaribu kwanza na kisha kuamua.

Mtunzaji akiondoka

Turudi kwa Bitnami, ambayo iko chini ya kampuni ya Broadcom tangu ilipoinunua VMware mwaka 2023. Vifurushi vya zamani vilihamishiwa kwenye ghala jingine lisilopata masasisho. Umma uliachiwa orodha fupi ya vifurushi vya bure, tena vya toleo la karibuni tu, na huduma kamili ikawa ya kulipia. Baada ya maoni ya watumiaji, kufutwa kwa ghala la awali kuliahirishwa hadi 29 Septemba.

Msimbo wa chati ulibaki wazi kwa wote. Tatizo lilikuwa anwani zilizoandikwa ndani yake, kwani ziliashiria makontena yaliyohamishwa. Huduma iliyokuwa ikienda vizuri Jumatatu ingeweza kushindwa kuwaka Jumanne baada ya seva kuzimwa na kuwashwa, ingawa hakuna aliyeigusa.

Si mara ya kwanza. Ghala kuu la awali la Helm lenyewe lilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 13 Novemba 2020, na chati zake zikalazimika kutafuta makao mapya.

Maswali ya kuuliza

Kwa taasisi inayotegemea chati za watu wengine, tunaona maswali manne ni ya lazima. Nani anaitunza chati hii, na yuko peke yake? Mara ya mwisho ilisasishwa lini? Je, tunayo nakala ya makontena katika ghala letu wenyewe? Na toleo jipya likija, tunalijaribu wapi kabla ya kuligusisha data halisi?

Kifurushi cha bure kina mtu anayekifanyia kazi. Anayemjua mtu huyo, na akawa tayari kumsaidia au kushika nafasi yake, hatashtushwa na tangazo linalofuata.