Matembezi na Msaragambo Kandokando ya Bunju

Kutoka kwa pamoja kwenda kufanya kazi katika eneo la umma si jambo geni Tanzania. Wapare wana msaragambo, ambapo watu wa kijiji hutoka siku moja kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa ili wananchi wafanye usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi nchi nzima. Dar es Salaam imeongeza lake: klabu za jogging, maarufu hasa Temeke. Wanachama wake, wenye fulana za rangi moja, hupiga mchakamchaka wa nyimbo alfajiri ya Jumapili, kisha huzoa taka sokoni au kufyeka nyasi za zahanati kabla ya kwenda kunywa supu.

Bunju, mwisho wa Kinondoni kwenye barabara ya Bagamoyo, imezungukwa na maeneo yanayofaa kwa matembezi na kazi kama hiyo. Mashariki kuna bahari na mikoko ya Mbweni na Ununio. Kaskazini unapita mto Mpiji, mpaka wa Dar es Salaam na Bagamoyo. Upande wa bara, kupitia Mabwepande, lipo Pori la Akiba Pande, lenye kilometa za mraba 12 hivi.

Pande ni sehemu ya kile kilichobaki cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo sehemu kubwa imeshageuka mashamba, mkaa na viwanja. Lilipewa hadhi ya pori la akiba mwaka 1990, na sasa linasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kwa miaka mingi wakazi wengi wa jiji walilisikia jina hilo katika habari za uhalifu tu, na hofu hiyo haijafutika yote. Hapo matembezi ya vikundi yana faida isiyosemwa sana: njia inayopitwa na watu mara kwa mara, wakiwa na askari wa wanyamapori, haimpendezi mkata mkaa wala mhalifu. Lakini pori la akiba haliingiwi kiholela. Kibali hutangulia, hata kwa anayekwenda kuokota chupa.

Kazi ya mikoko ina utaalamu wake. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mbegu ya mkoko wenyewe huota ikiwa bado juu ya mti mama, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani. Iliyokomaa huachia kwa kuvutwa kidogo, nayo huchomekwa topeni maji yakiwa yamekupwa, ncha chini, bila kuhitaji kitalu. Makosa huanzia kwenye kuchagua mahali. Upande wa bahari kabisa humea mlilana na mchu, mikoko ya aina nyingine; mkoko wenyewe hupenda nyuma kidogo. Vikundi vyenye haraka hupanda mkoko popote penye tope, na baada ya mabamvua machache hakuna kilichosimama. Ufilipino imepoteza miche mingi sana kwa njia hiyo hiyo.

Nchi kavu, kinachoua miche ni kiangazi. Mche uliopandwa mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, una miezi ya mvua mbele yake. Uliopandwa Juni kwa ajili ya hafla na picha hauna. Kwa hiyo kikundi kinachorudi Agosti na ndoo za maji na majembe ya palizi kina thamani kubwa kuliko kile kilichopanda miche elfu moja kikaondoka. Kazi hiyo haina mgeni rasmi, na wanaojitokeza huwa wachache.

Matembezi yenyewe hayahitaji mengi: viatu vilivyofunika mguu, maji ya kutosha, mtu mmoja mbele anayejua njia na mwingine nyuma anayehakikisha hakuna aliyeachwa. Joto la pwani hulazimisha kuanza saa kumi na mbili asubuhi.

Kikundi kinachotaka kuanza kipite kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kipeleke barua kwa msimamizi wa eneo: TAWA kwa Pande, TFS kwa mikoko. Barua itaje tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi kuitazama miche.