Sala Wakati wa Majaribu

Sisi tunaokaa Kamanga hatuwezi kuyakwepa maji. Mgonjwa tunamvusha kwenda Mwanza. Samaki, ndizi na watoto wa shule, wote wanavuka. Kwa hiyo habari ya ajali ya majini haitufikii kama habari ya mbali.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi walizikwa pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Kivuko kile kilitengenezwa kubeba watu 101 tu. Waliokufa walizidi 220.

Baada ya misiba ya namna hii, Wakristo wengi huuliza: Jamani, tuliomba kabla ya safari. Mbona Mungu hakusikia?

Swali hili ni zito, wala si dhambi kuliuliza. Wako watu wanaolijibu upesi upesi. Wanasema, "Imani yao ilikuwa ndogo." Sisi tunaona jibu hilo ni la ukatili, tena si la kweli. Yesu mwenyewe aliomba kule Gethsemane kwamba kikombe cha mateso kimwondokee. Hakikumwondokea. Kesho yake alikufa msalabani. Nani atasema imani yake ilikuwa ndogo?

Basi sala inafanya kazi gani? Wengi wetu tulifundishwa kwamba kusali ni kuomba na kushukuru. Ni kweli, lakini kusali ni kulia pia. Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150, na nyingi kati yake ni malalamiko. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, bila neno la shukrani. Hata hivyo imewekwa katika Biblia. Maana yake, mtu mwenye uchungu halazimiki kujifanya ana furaha mbele ya Mungu.

Tazama na wale mitume katika dhoruba ya ziwa la Galilaya. Ziwa lile ni dogo sana kuliko hili letu. Wengine kati yao walikuwa wavuvi hasa, watu wa maji, lakini waliogopa. Walimwamsha Yesu kwa kumlalamikia kwamba hajali wakiangamia. Hiyo nayo ilikuwa sala.

Sasa tuangalie neno matumaini. Mtume Paulo, katika barua kwa Warumi sura ya 5, anayapanga mambo kama ngazi. Kwanza ni taabu, halafu uvumilivu, halafu moyo uliokwisha kupimwa. Matumaini yanakuja mwisho. Sisi mara nyingi tunaigeuza ngazi hii. Mama amefiwa jana, leo tunamwambia, "Usilie, uwe na matumaini." Tunamtaka arukie kipago cha juu wakati miguu yake bado iko chini!

Katika siku hizo za kwanza mfiwa huenda asiweze kusali kabisa. Asihukumiwe. Wengine wasali kwa niaba yake. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogo ndogo husaidia sana hapo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizikazia katika miaka ya 1970, ili majirani wasali pamoja nyumbani. Watu wanakuja na kuni, maji na unga, ndipo wanasali rozari. Waanglikana, Walutheri na watu wa AIC nao hukusanyika kwa nyimbo na Neno. Majirani Waislamu huja na dua zao. Kule Ukara, mwaka 2018, viongozi wa dini mbalimbali walisali pamoja kwenye mazishi.

Tuseme na hili: sala haiondoi kazi ya akili. Chombo kikijaa kupita kiasi, ushuke, hata kama umekwisha kulipa nauli. Uliza maboya yako wapi. Kumwomba Mungu ulinzi na kuvaa boya havigombani.

Shida kubwa huja baada ya matanga. Watu wametawanyika. Mwezi wa tatu karo inadaiwa, paa linavuja, na hakuna anayepiga hodi. Uvumilivu unatafutwa hapo hasa. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kusaidia. Chukua Biblia, nenda kwa mfiwa jioni. Msomee Zaburi ya 13 polepole. Ina mistari 6 tu, na inaanza kwa kuuliza mpaka lini. Kama hataki maneno, kaa naye, mchambue dagaa pamoja. Wiki ijayo nenda tena.

Pale Igoma, ndugu bado huenda makaburini kusali kila inapofika tarehe 21 Mei. Wengine walikuwa watoto wadogo mwaka 1996. Sasa wanakwenda na watoto wao.