Ng'ambo, Ughaibuni au Ugenini? Istilahi za Mwaka wa Kujifunza Lugha

Miongoni mwa dhana ambazo wafasiri hukutana nazo katika nyaraka za vyuo vikuu ni ile ya mwaka mmoja ambao mwanafunzi wa lugha huutumia mahali ambapo lugha anayoisoma ndiyo inayosemwa. Dhana yenyewe si mpya kwetu. Wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Ghana, kilichopo Legon, huja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutimiza mwaka wa namna hiyo kabla ya kumaliza shahada yao. Katika Ulaya, mpango wa Erasmus, ulioanza mwaka 1987, umewawezesha wanafunzi wengi kukaa katika vyuo vya nchi nyingine kwa muda usiozidi mwaka. Hata hivyo, jina la dhana hii katika Kiswahili bado halijatulia. Mfasiri mmoja huandika "mwaka wa ng'ambo", mwingine "masomo ya nje", na wa tatu "mwaka wa ughaibuni", kana kwamba maneno hayo yana maana moja.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo na kutoa mapendekezo. Mahali pa kupimia tumechagua Kidahwe, kijiji cha Mkoa wa Kigoma ambapo barabara itokayo mjini Kigoma hugawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Uvinza. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni kwamba, katika sehemu zile, mpaka wa nchi na mpaka wa lugha havilingani, na istilahi isiyo imara hudhihirisha udhaifu wake upesi.

Tuanze na neno ng'ambo. Maana yake ya asili ni upande wa pili wa maji. Katika mji wa Unguja, Ng'ambo ni mtaa uliokuwa upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe. Baadaye neno lilipanuka likawa na maana ya nchi za mbali zilizo nyuma ya bahari. Lakini kwa mkazi wa Kigoma au Ujiji, ng'ambo ni kitu kinachoonekana kwa macho: ni milima ya Kongo, ambayo siku ya anga safi huonekana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Barua ikimfikia mzazi wa Kidahwe ikisema kwamba mwanawe atakaa ng'ambo mwaka mmoja, atakuwa na haki ya kudhani kwamba kijana anakwenda Kongo. Tena huko Kongo ya mashariki Kiswahili husemwa, ingawa kwa lahaja zake. Kijana atakuwa amevuka maji na kuvuka mpaka wa nchi, bila kutoka katika lugha yake.

Neno la pili ni nje, kama katika "masomo ya nje". Hili lina manufaa yake, kwani mambo ya pasipoti, viza na fedha za kigeni hufuata mpaka wa dola. Hatuna budi kulibakiza katika nyaraka za utawala, likiandikwa kwa ukamilifu: masomo ya nje ya nchi. Lakini halisemi lolote kuhusu lugha. Muha wa Kidahwe akivuka mpaka na kuingia Burundi yuko nje ya nchi yake, lakini Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana mno, hata wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Kinyume chake, mwanafunzi wa Dar es Salaam akienda kukaa Kidahwe mwaka mzima ili ajifunze Kiha, hatakuwa ametoka nje ya nchi hata hatua moja, na hali atakuwa amefanya kazi ile ile tunayoitafutia jina.

Neno la tatu ni ughaibuni. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutokuwapo. Mtu aliye ughaibuni ni mtu asiyeonekana kwao. Kwa hiyo neno hili hutazama mambo kwa macho ya waliobaki nyumbani; nalo limekwisha kupata kazi yake katika magazeti na katika hotuba za serikali, yaani kuwataja raia waishio katika nchi za mbali kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa lugha hakupelekwa ili akosekane kwao. Amepelekwa ili awepo mahali fulani, asikilize, aulize, akosee na asahihishwe. Neno lenye maana ya kutokuwapo haliwezi kuibeba dhana ambayo kiini chake ni kuwapo.

Linabaki neno ugenini. Hili lina uzito tunaoutafuta, kwa kuwa halitaji bahari wala mpaka, bali hali ya mtu aliye mahali pasipo pake. Limeenea mno: kila asikilizaye matangazo ya mpira hujua tofauti ya kucheza nyumbani na kucheza ugenini. Kadhalika, linapatana na istilahi iliyokwisha kukubalika, yaani Kiswahili kwa Wageni. Huenda mtu akapinga, akisema kwamba mgeni huketishwa na kukirimiwa, ilhali mwanafunzi hatakiwi kuketi tu. Pingamizi hili limejibiwa zamani na wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwaka tunaouzungumzia ni mwaka wa jembe. Na kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, chuo kinachowapokea wanafunzi hao hufaidika pia. Walimu wake hulazimika kuieleza lugha ambayo walikuwa wakiisema bila kuitafakari.

Lakini tuonye kwamba si kila akaaye ugenini ni mwanafunzi. Katika kambi ya Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wamo watu waliojikuta katikati ya lugha nyingine kwa sababu ya vita. Wengi wao wamejifunza mengi, lakini hawakuchagua, wala hakuna chuo kilichowawekea mpango. Kwa hiyo neno ugenini peke yake halitoshi. Istilahi kamili iwe mwaka wa ugenini, na maana yake ifungwe na masharti ya masomo.

Sasa tutazame kosa lenye madhara makubwa zaidi, yaani kuuchanganya mwaka wa ugenini na mwaka mwingine unaofanana nao kwa sura. Tangu miaka ya 1960, vijana wengi wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma uganga, uhandisi na kilimo katika nchi ambazo lugha zake hawakuzijua. Katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, mwanafunzi mgeni alianza kwa kujifunza Kirusi kabla ya kuingia katika fani yake. Huko Leipzig, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, kazi kama hiyo ilifanywa na chuo kilichoanzishwa mwaka 1956 na kuitwa Herder-Institut kuanzia mwaka 1961. Mwaka 1972, wanafunzi wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, wakati Reli ya Uhuru ikijengwa. Nao walianza kwa Kichina.

Kwa wanafunzi hao lugha ilikuwa mlango wa kupitia, na fani ndiyo nyumba. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Legon, lugha ndiyo nyumba yenyewe. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwaka wa kwanza wa Moscow au Leipzig ulitangulia masomo ya shahada. Mwaka wa mwanafunzi wa Legon umo ndani ya shahada yake. Afisa anayepima vyeti akiona miaka yote miwili imefasiriwa kwa jina moja, aweza kumnyima mtu mwaka alioutumikia, au kumpa mwaka usiokuwamo. Mtu hutafuta kazi, cheo na mshahara kwa cheti hicho, na mfasiri hayupo pale kujieleza.

Dhana nyingine inayowatatiza wafasiri ni ile ya mwanafunzi kuingizwa mzima mzima katika lugha, asipate nafasi ya kurudia lugha yake. Wengine wamejaribu kuiita "kuzama". Lakini azamaye hufa maji. Wengine husema "kuzamia". Na mzamiaji, kwa matumizi ya pwani yetu, ni yule aingiaye melini kwa siri ili asafiri bila idhini, jina lisilofaa kwa mwanafunzi mwenye viza halali. "Kutopea" kuna wasemaji wake, ila aghalabu hutajwa pamoja na ulevi na madeni. "Kulowea" lingefaa sana, kwani ni kukaa ugenini hata mtu akazoea. Bahati mbaya neno mlowezi limebeba historia ya kunyang'anywa ardhi. Hadi hapo litakapopatikana neno moja lililo bora, twapendekeza maelezo ya wazi: kujifunza lugha kwa kuishi nayo.

Maelezo hayo yanatukumbusha sharti moja ambalo wapangaji wa masomo huweza kulisahau. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kifaransa, mzaliwa wa Kidahwe, aliyepelekwa Bujumbura. Ni kweli kwamba Kifaransa hutumika huko ofisini na shuleni. Lakini sokoni atanunua samaki kwa Kiha chake na kueleweka. Katika mitaa kama Buyenzi atapiga soga kwa Kiswahili. Aweza kurejea baada ya miezi kumi na miwili akiwa amekaa nje ya nchi kweli kweli, na Kifaransa chake kikiwa pale pale. Mwenzake wa kutoka Mtwara, asiyejua Kiha, angekuwa katika hali tofauti kwa kiasi fulani katika mji ule ule. Kwa hiyo mpango wa masomo usitosheke kutaja nchi. Utaje lugha lengwa, na utaje mahali ambapo lugha hiyo hutumika kila siku: darasani, katika nyumba ya kupanga, kazini au sokoni.

Kwa kufuata hoja hizo, tunaleta mapendekezo yafuatayo:

(a) Mwaka wa ugenini: mwaka, au sehemu ya mwaka, ulio ndani ya masomo ya shahada, ambao mwanafunzi wa lugha hukaa miongoni mwa wasemaji wa lugha lengwa ili aimudu, iwe nje ya nchi yake au ndani yake.

(b) Mwaka wa maandalizi ya lugha: mwaka unaotangulia masomo ya fani nyingine, ambao mwanafunzi hujifunza lugha itakayotumika kumfundishia fani hiyo.

(c) Masomo ya nje ya nchi: masomo yoyote yafanywayo katika nchi nyingine, bila kujali lugha. Litumike katika mambo ya utawala.

(d) Lugha lengwa: lugha ambayo mwanafunzi amepelekwa kujifunza. Isichanganywe na lugha ya nchi anamokaa, kwa kuwa nchi moja huwa na lugha nyingi.

(e) Chuo kipelekacho na chuo kipokeacho: chuo ambacho mwanafunzi ameandikishwa kwa shahada, na chuo anamokaa mwaka wa ugenini. Cheti kitolewe na cha kwanza. Alama za mwaka huo zitolewe na cha pili.

(f) Kujifunza lugha kwa kuishi nayo: njia ya kujifunza ambayo lugha lengwa hutumika katika shughuli zote za siku.

Istilahi hizi si amri. Neno ugenini laweza kupingwa na wale wanaoona kwamba lina harufu ya upweke, na hatukatai kwamba miezi ya kwanza ya mwaka huo huwa na upweke. Tungependa walimu wanaowapokea wanafunzi wa namna hiyo, maafisa wanaopima vyeti, na wafasiri wanaoandaa fomu wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kisha watuandikie ni lipi limefaa na lipi limekwama. Hasa tungefurahi kupata maoni ya wasomaji wa mikoa ya mipakani, kwani wao huishi kila siku na jambo ambalo wengine tunalisoma katika ramani tu.