Piga Hesabu ya Kurudi

Wengi hudhani kupanda ndiko kazi, kushuka ni mchezo. Basi nendeni Shimba Hills, Kwale! Kutoka Elephant Hill hadi maporomoko ya Sheldrick ni kama kilomita 2, karibu zote za kuteremka msituni. Mnashuka mkicheka, mnajirushia maji, halafu njia ile ile inageuka kilima na miguu imeshachoka. Mwaka jana mwenzetu alimaliza maji yake bondeni. Tulipanda tukimgawia kifuniko kwa kifuniko. Kwa hivyo nusu chupa isiguswe kabla ya kurudi. Tena mpatane saa na askari wa wanyamapori mapema. Bila yeye na bunduki yake hamshuki, maana ndovu nao hupita humo humo. Ndara ziacheni nyumbani.