Kosoa kazi, usimdhalilishe aliyeifanya

Mzazi anayesoma ukurasa huu kwenye simu ya Android ameshika mkononi kazi ya maelfu ya wataalamu wa kompyuta wa nchi mbalimbali. Ndani ya simu hiyo kuna Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Wataalamu hao hujadiliana kwa barua pepe: mmoja hutuma marekebisho, wengine huyakagua na kutaja kasoro.

Kwa miaka mingi Torvalds alisifika kwa umahiri, lakini pia kwa ulimi mkali. Aliyekosea aliweza kutukanwa mbele ya wenzake wote. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba mashambulizi yake hayakustahili, akapumzika wiki kadhaa ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Aliporejea Oktoba, hakuacha kukataa kazi mbovu. Kilichohitaji kubadilika ni namna ya kuikataa.

Hapo ndipo penye somo. Kuchagua maneno kazini si kuficha kosa. Fundi umeme anayeona waya usiofaa akanyamaza ili asimuudhi mwenzake, anahatarisha nyumba ya watu. Lazima aseme, tena mapema.

Akisema, “Wewe umeme huujui,” mwenzake ataanza kujitetea na waya utabaki vilevile. Akisema, “Waya huu ni mwembamba kwa jiko la umeme, utapata moto, tuweke mnene zaidi,” ametaja kosa, hatari yake na la kufanya. Hajapunguza ukweli hata kidogo.

Pale sababu isipojulikana, swali hufaa kuliko hukumu: “Kwa nini ulipitisha huku?” Huenda mwenzako aliona jambo ambalo wewe hukuliona. Kosa la mtu mmoja lisilo na haraka, mvute pembeni. Lakini hatari ikiwa mlangoni, hakuna kuzunguka: “Zima umeme sasa hivi!” Hiyo nayo ni busara.

Lugha hii haianzii kazini. Mtoto aliyekosa hesabu akaitwa mjinga, hajifunzi hesabu. Anajifunza kuficha daftari. Kesho akiwa muuguzi au fundi, anaweza kuficha kosa linalogharimu maisha ya mtu, kwa kuwa alizoea kwamba anayekiri hutukanwa.

Mwambie hivi: “Hatua mbili za kwanza ziko sawa. Hii ya tatu umejumlisha badala ya kutoa. Irudie.” Kosa limetajwa, mtoto hajavunjwa moyo, na kazi inaendelea.

Vivyo hivyo, mtoto akimwambia ndugu yake, “Hujui kitu,” msimamishe umuulize: “Amekosea wapi hasa?” Akishindwa kuonyesha, basi hakuwa anakosoa. Alikuwa anatukana.