Weusi wa Kioo na Mwanga wa Sebule: Televisheni ya OLED au ya LCD?

Mtu aingiaye katika duka la vyombo vya umeme mjini Moshi kutafuta televisheni hukutana kwanza na herufi. Juu ya kasha moja zimeandikwa LCD, juu ya jingine LED, la tatu lina QLED, na la nne OLED. Bei ya kasha la nne huweza kuwa mara kadhaa ya bei ya la kwanza, na kwa jamaa wengi wa Kibosho, Marangu au Machame tofauti hiyo si ndogo: ni ada ya mtoto, au fedha ya kahawa ya msimu mzima. Yafaa basi kufahamu kinachonunuliwa kwa fedha hiyo, na iwapo mnunuzi atakiona akiwa ameketi sebuleni mwake.

Televisheni ni chombo kigeni kwa kiasi fulani katika nchi hii. Zanzibar ilianza kurusha matangazo yake, tena ya rangi, mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa miaka mingi baada ya hapo televisheni ilikuwa ile ya chogo, yenye bomba kubwa la kioo ambamo elektroni zilirushwa kutoka nyuma ili zigonge unga wa kung'aa uliopakwa kwa ndani. Televisheni bapa zimeliondoa chogo hilo, lakini hazikuliondoa kwa njia moja. Zipo njia mbili, na herufi nne zilizotajwa hapo juu zinaingia zote katika njia hizo mbili tu.

Njia ya kwanza ni ya LCD, yaani kioo cha fuwele-oevu. Asili yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria aliyekuwa akifanya kazi Prague, alichunguza dutu iliyotokana na karoti. Aliipasha moto ikayeyuka kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi, lakini ikawa kimiminika chenye ukungu. Ilipofika nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafula. Kati ya nyuzi hizo mbili dutu ile ilitiririka kama maji, huku molekuli zake zikiwa zimejipanga kwa utaratibu kama katika fuwele. Ilipita miaka themanini kabla ya mtu kuipatia kazi: mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha hadharani vioo vya kwanza vya aina hiyo, kazi iliyoongozwa na George Heilmeier.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba fuwele-oevu haitoi nuru yoyote. Nyuma ya kioo huwekwa taa, na taa hiyo huwaka wakati wote. Mbele yake kuna karatasi mbili za polaroidi, ambazo kila moja hupitisha mitetemo ya nuru ya uelekeo mmoja tu, na katikati yake imo fuwele-oevu. Karatasi hizo zikipishana kwa pembe mraba, nuru haipiti. Lakini molekuli za fuwele-oevu zaweza kuizungusha mitetemo ile hata ikapita katika karatasi ya pili. Na umeme mdogo unaotiwa katika kila nukta ya picha ndio huamua izungushwe kwa kiasi gani. Mwisho nuru hupita katika kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu. Ni sawa na nyumba yenye taa moja kubwa ndani na madirisha maelfu, kila dirisha likiwa na pazia lake. Nuru nyingi huishia njiani: ile imfikiayo mtazamaji kwa kawaida haifiki sehemu moja ya kumi ya ile iliyotoka katika taa.

Hapa ndipo herufi za dukani zinapoleta mkanganyiko. Taa za nyuma za LCD za awali zilikuwa mirija myembamba ya floresenti. Baadaye mirija hiyo ikabadilishwa kwa diodi zitoazo nuru, ambazo kwa kifupi huitwa LED, na wafanyabiashara wakaanza kuyaita makasha yao kwa jina hilo. Televisheni ya LED, kwa hiyo, ni LCD ile ile yenye taa ya namna nyingine. QLED nayo ni LCD, isipokuwa imeongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi za taa. Herufi O mbele ya LED hubadili chombo chenyewe. Herufi Q haibadili. Mnunuzi aliyelipa bei ya moja akapewa nyingine atakuwa amepoteza kwa sababu ya mkia mdogo wa herufi.

Katika njia ya pili, yaani OLED, taa ya nyuma haipo kabisa. Kila nukta ni taa inayojitegemea. Dutu zinazotumika ni misombo ya kaboni iliyopakwa kwa matabaka membamba sana, hata unene wa yote kwa pamoja ni mdogo mara mamia kuliko unywele. Umeme ukipita, elektroni huingia kutoka upande mmoja na nafasi zisizo na elektroni, ziitwazo matundu, kutoka upande wa pili. Zikutanapo katikati, nishati yao hutoka kama nuru. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walitangaza diodi ya namna hiyo yenye ufanisi wa kutosha mwaka 1987. Televisheni ya kwanza iliyouzwa, ya Sony, ilitoka mwaka 2007 ikiwa na ukubwa wa inchi 11 tu. Zile kubwa za sebuleni zilifuata mwaka 2013.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili inaonekana katika weusi. Katika OLED, nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Katika LCD, nukta nyeusi ni pazia lililofungwa mbele ya taa inayowaka, na hakuna pazia lisilovujisha. Kwa hiyo usiku wa filamu katika LCD huwa na ukijivu. Zipo LCD za bei ya juu ambazo taa zake zimegawanywa katika maeneo mengi, kila eneo likififishwa peke yake. Hizo hupunguza ukijivu lakini haziuondoi.

Je, weusi huo unaonekana wakati wote? La hasha, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuhesabu mwenyewe. Mng'aro wa kioo hupimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba, na mwangaza uangukao juu ya kitu hupimwa kwa laksi. Tuseme televisheni zote mbili hutoa kandela 300 katika weupe, na LCD huvujisha 0.3 katika weusi, yaani moja kwa elfu, ilhali OLED haivujishi chochote. Tuseme tena kwamba kila kioo hutawanya asilimia 2 ya mwangaza unaokiangukia kutoka chumbani. Mng'aro unaotokana na mtawanyiko huo hupatikana kwa kuzidisha laksi kwa 0.02, kisha kugawanya kwa 3.14.

Katika sebule ya mchana yenye laksi 300, jibu ni kandela 1.9. Kiasi hicho huongezwa juu ya weusi na juu ya weupe wa kila kioo. Weusi wa OLED sasa si sifuri tena bali 1.9, na weupe wake ni mara 158 ya weusi. Weusi wa LCD ni 2.2, na weupe wake ni mara 137. Jicho halitatambua tofauti yenye maana kati ya hizo mbili. Taa zikizimwa usiku na kubaki balbu ndogo ya ukumbini, laksi 5, mng'aro wa kutawanywa hushuka hadi 0.03. Hapo LCD hufikia mara 900 hivi, na OLED hupanda hadi mara 9,400.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu kioo bali chumba. Nyumba ya mjini Moshi, yenye madirisha mapana yanayotazama uwanja mweupe, hujaa mwanga hadi saa kumi na mbili jioni. Jamaa wakikusanyika kutazama mpira saa kumi na moja, fedha iliyonunua weusi wa OLED haionekani mahali popote. Tena OLED nyingi hupunguza mng'aro wake picha nzima inapokuwa nyeupe, na LCD nzuri huweza kuishinda katika chumba hicho. Nyumba ya kihambani huko mlimani ni habari nyingine. Imefunikwa na migomba, mibuni na miringaringa, na katika miezi ya Juni na Julai mawingu huukalia upande wa kusini wa mlima hata mchana ukafanana na jioni. Sebule ya namna hiyo, inayotazamiwa filamu baada ya chakula cha usiku, ndiyo mahali pa OLED. Popote pale, dirisha lisielekeane na kioo, kwa maana hesabu iliyo hapo juu ni ya mwanga uliotawanyika tu. Taswira ya dirisha lenyewe juu ya kioo ni mbaya zaidi.

OLED ina sifa nyingine inayofaa nyumba za wageni wengi: aketiye pembeni kabisa huona rangi zile zile azionazo aketiye katikati. LCD za aina nyingi hupauka zikitazamwa kwa upande.

Lakini misombo ya kaboni huchakaa kadiri inavyowaka, na ile ya buluu huchakaa upesi kuliko nyingine. Nukta zikionyesha kitu kimoja kwa saa nyingi kila siku, kama nembo ya kituo pembeni au ubao wa magoli, huchakaa kuliko jirani zao na kuacha kivuli kisichofutika. Mwenye nyumba atazamaye saa tatu au nne vipindi mbalimbali hana sababu ya kuhofu sana. Mwenye mgahawa au kinyozi anayewasha kituo kimoja tangu asubuhi hadi usiku asiinunue.

Liko pia suala la umeme. LCD hutumia karibu kiasi kile kile picha iwe nyeupe au nyeusi, kwa kuwa taa yake haizimiki, isipokuwa zile zenye kufifisha. OLED hutumia kidogo katika filamu ya usiku na kingi katika picha ya theluji ya Kibo. Kwa wanaotegemea jua, ukubwa ndio unaotawala: LCD ya inchi 32 inayokula wati 40 kwa saa tano huhitaji watisaa 200, na betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, hutoa 600. OLED za nyumbani huanza karibu na inchi 42. Moja ya wati 100 itakula 500 kwa muda huo huo, na taa za nyumba zitabakiwa na 100.

Mnunuzi asiyeyaamini maandishi ya kasha aombe televisheni iwashwe ikiwa na picha nyeusi tupu, kisha taa za duka zizimwe na mlango ufungwe. LCD isiyo na taa za kufifishwa itabaki ikionekana kama dirisha hafifu ukutani. OLED itatoweka. Shuleni, mwalimu aweza kudondosha tone dogo la maji, dogo kuliko punje ya mtama, juu ya kioo cha simu kinachoonyesha picha nyeupe. Tone hilo litakuwa lenzi, na wanafunzi wataona kwamba katika weupe wote ule hakuna weupe hata kidogo, bali nukta nyekundu, za kijani na za buluu zikiwa zimepangwa kwa safu.