NCHI JIRANI: TIBA YA EBOLA ILIVYOTAFUTWA KATIKATI YA VITA

Tarehe 12 Agosti 2019 wakuu wa utafiti wa tiba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na wenzao wa Marekani na wa Shirika la Afya Duniani walitoa habari ambayo kwa muda wa miaka 43 hapakuwa na mtu aliyepata kuitoa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba mjini Kinshasa, alieleza kwamba tangu siku ile Ebola isihesabiwe tena kuwa ni maradhi yasiyotibika.

Utafiti uliozaa habari hiyo una jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Ulifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika Kivu ya Kaskazini. Kwa askari wa Tanzania majina hayo si mageni. Wako waliopiga doria katika misitu hiyo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na wako waliozikwa kwa ajili yake. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya mto Semuliki, katika wilaya ya Beni, ilishambuliwa usiku, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Nchi ile ile, miezi minane baadaye, ndiyo iliyopatwa na Ebola.

Ili kufahamu kilichofanyika huko, yafaa kurejea mwaka 1976. Mwezi Septemba mwaka huo maradhi yasiyojulikana yalizuka katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Muyembe, kijana wa miaka 34 aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji, alipelekwa kuchunguza. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu, akashangaa kuona kwamba tundu la sindano haliachi kuvuja damu. Alinawa kwa maji na sabuni, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Damu ya mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyeugua Yambuku ilipelekwa Antwerp, na humo vikaonekana virusi vilivyopewa jina la mto Ebola. Watu 318 waliugua, 280 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba hospitali ya misheni ilikuwa ikitumia mabomba matano tu ya sindano kwa siku, yakipita kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Umaskini wa vifaa uliua watu wengi kabla hata virusi havijapata jina.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, mji mkubwa kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Watu 315 waliugua, na wanane katika kila kumi walikufa. Muyembe na madaktari wenzake walifikiri hivi: mtu aliyepona amepona kwa sababu mwili wake umetengeneza kingamwili, yaani askari wa ndani ya damu wanaomtambua adui yule na kumkamata. Je, askari hao hawawezi kuazimwa? Wakawaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Saba walipona.

Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakusadiki. Haikosi palikuwa na dharau kidogo katika jambo hilo, kwani neno litokalo katika hospitali ya Kikwit halisikizwi kama neno litokalo London. Lakini pingamizi lenyewe lilikuwa la haki. Wagonjwa wale walitibiwa mwishoni mwa mlipuko, walipokuwa wachache na uuguzi umekuwa bora; na baadhi yao walikwisha kuvuka siku zile ambazo Ebola huua zaidi. Nani angejua kama kilichowaponya ni damu, au ni maji na chakula, au ni bahati?

Hapo ndipo ulipo ugumu wa utafiti wa tiba, nao hauko mbali na mambo ya kambini. Tuseme zimeletwa shehena mbili za risasi, na mkuu wa ghala anataka kujua iliyo bora. Akiwapa walenga shabaha hodari shehena ya kwanza na makuruti shehena ya pili, kisha akahesabu matundu katika shabaha, atakuwa amepima askari badala ya risasi. Njia ya haki ni kupiga kura, ili hodari na wasio hodari waangukie pande zote mbili. Vivyo hivyo kwa wagonjwa. Daktari akichagua mwenyewe nani apewe dawa mpya, moyo wake utamwelekeza kwa mtoto, au kwa mwenye matumaini, au kwa aliye mahututi. Na mwisho wake hatajua kama dawa inaponya.

Afrika ya Magharibi ililipia ujinga huo kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 2014 na 2016 watu zaidi ya 28,000 waliugua Ebola katika Guinea, Liberia na Sierra Leone, na zaidi ya 11,000 wakafariki. Dawa iliyotumainiwa sana, ZMapp, ilijaribiwa kwa njia ya kura, lakini majaribio yalianza maradhi yakiwa yameshaanza kupungua, na wagonjwa walioingia walikuwa 72 tu. Dalili nzuri zilionekana, jibu halikupatikana. Maelfu walizikwa, na bado hapakuwa na daktari aliyeweza kusema kwa yakini dawa ipi itumike mara ijayo.

Mara ijayo ilifika tarehe 1 Agosti 2018, mlipuko ulipotangazwa Kivu ya Kaskazini. Safari hii Wakongo waliazimia kwamba swali lijibiwe huko huko, wakati maradhi yangali na nguvu. Taasisi ya Kinshasa ilishirikiana na taasisi ya serikali ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza, na mashirika ya misaada yaliyokuwa yakiendesha vituo vya matibabu. Dawa nne zilishindanishwa. Hapakuwa na kundi lililoachwa bila dawa: wote walipata uuguzi ule ule wa maji, chumvi na chakula, na kila mmoja alipangiwa kwa kura dawa mojawapo kati ya ZMapp, remdesivir, mchanganyiko wa kingamwili tatu ulioitwa REGN-EB3, na kingamwili moja iliyoitwa mAb114. Hii ya mwisho ina historia ya pekee. Ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Mwaka 2006, miaka kumi na mmoja baadaye, alitolewa damu, na askari wale wa ndani walikuwa wangalimo. Fikira iliyodharauliwa Kikwit ilirudi ikiwa imepitia maabara.

Mgonjwa wa kwanza aliingizwa katika utafiti tarehe 20 Novemba 2018. Siku chache tu kabla ya hapo, walinda amani saba, sita wa Malawi na mmoja wa Tanzania, waliuawa karibu na Beni katika mapambano na waasi wa kikundi cha ADF. Watafiti walianza kazi milio ya bunduki ikisikika. Mwezi Desemba uchaguzi mkuu uliahirishwa katika Beni na Butembo, na tume ya uchaguzi ikataja Ebola miongoni mwa sababu. Vijana waliokasirika wakashambulia kituo cha kupokelea wagonjwa. Februari 2019 vituo vya Madaktari Wasio na Mipaka vya Katwa na Butembo vilichomwa moto ndani ya wiki moja. Tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko wa Kamerun, alipigwa risasi na kuuawa katika hospitali mjini Butembo, akiwa kazini.

Kwa nini watu wachome nyumba wanamotibiwa? Jambo hili askari hawana budi kulitazama bila kukwepa. Wakazi wa Beni walikuwa wamechinjwa na waasi kwa miaka kadhaa, tangu 2014, na ulimwengu haukuja. Ilipokuja Ebola, yakaja magari, fedha na wageni kwa wingi. Watu wakauliza, na swali lao lilikuwa na maana: mbona mnaliogopa gonjwa hili moja kuliko panga linalotumaliza kila mwezi? Kisha timu za afya zikaanza kufika vijijini zikisindikizwa na polisi na wanajeshi. Ulinzi ulihitajika, maana wauguzi walikuwa wakiuawa. Lakini mama anayeona bunduki mlangoni humficha mtoto wake mgonjwa chumba cha ndani. Mwezi Machi 2019 Daktari Joanne Liu, aliyekuwa rais wa Madaktari Wasio na Mipaka, alionya hadharani kwamba kutumia polisi kuwalazimisha watu kufuata masharti ya afya kunawafukuza wagonjwa, na kwamba vita dhidi ya Ebola vinashindwa kwa kukosa imani ya wananchi. Wengine walimjibu kwamba bila walinzi hapangebaki muuguzi wa kuaminiwa. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli, na amri moja ya makao makuu isingeweza kuumaliza ubishi huo.

Yaliyosaidia yalikuwa mambo madogo. Vilitengenezwa vyumba vya kuta za plastiki nyeupe inayopenya mwanga, ili ndugu wasimame nje na kumwona mgonjwa wao kwa macho, na uvumi kwamba watu wanauawa humo ukakosa mahali pa kusimama. Waliopona waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwani wao walikwisha kuwa na kinga. Maelezo ya utafiti yalitolewa kwa lugha za wenyeji, na mgonjwa, au mzazi wake, alitakiwa akubali kwanza.

Kwa njia hiyo wagonjwa 681 waliingia katika utafiti kwa muda wa miezi tisa kasoro, katikati ya vita. Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu ilipendekeza wagonjwa wasipangiwe tena kwa kura ZMapp wala remdesivir, maana tofauti ilikuwa imeonekana wazi. Katika waliopata remdesivir walikufa 53 kwa mia; katika ZMapp, karibu 50; katika mAb114, 35; na katika REGN-EB3, karibu 34. Tangu hapo wagonjwa wote wakapewa mojawapo ya hizo mbili za mwisho. Hata ZMapp, iliyotumainiwa kuliko zote, iliwekwa kando.

Ndani ya hesabu hizo imo nyingine inayowahusu sana polisi wa mipakani. Mgonjwa aliyeingia kituoni virusi vikiwa vichache katika damu yake, akapewa mojawapo ya dawa hizo mbili, alikuwa na nafasi ya kupona ya takriban tisa katika kumi. Aliyechelewa, damu yake ikiwa imejaa virusi, mara nyingi alikufa hata baada ya kupewa dawa. Kila siku moja ya kuugua nyumbani iliongeza hatari ya kifo. Mwezi Juni 2019 familia moja ya Kikongo ilizuiwa mpakani, na waliokuwa na dalili wakatengwa. Baadhi yao wakatoroka, wakapita njia ya panya na kuingia Uganda, wilaya ya Kasese. Mtoto wa miaka mitano alifariki katika hospitali ya Bwera. Bibi yake na mdogo wake nao wakafariki. Familia ile ilikuwa ikikimbilia ndugu zake. Kama watu hao wangeamini kwamba kutengwa ni mlango wa dawa, huenda wasingetoroka.

Mlipuko wa Kivu ulikwisha tarehe 25 Juni 2020. Walikuwa wameugua watu 3,470, na 2,287 wamekufa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Mwishoni mwa mwaka huo Marekani iliidhinisha rasmi dawa zote mbili.

Hapa pana jambo lisilopendeza. Dawa iliyotoka katika damu ya Mkongo haki za kuitengeneza zilipewa kampuni ya Florida, na ile nyingine ni ya kampuni ya New York. Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika baadaye kwamba sehemu kubwa mno ya akiba imewekwa Marekani kwa ajili ya usalama wa nchi hiyo, ilhali Ebola huzuka Afrika. Muyembe mwenyewe, aliyeona damu ya Yambuku ikisafirishwa mwaka 1976 na sifa zikibaki huko ilikopelekwa, alishikilia kwamba sampuli za wagonjwa wa Kongo zipimwe na kuhifadhiwa Kongo.

Tena dawa hizo mbili zinafaa kwa Ebola ya aina ya Zaire tu. Haziwezi Ebola ya aina ya Sudan, wala Marburg iliyozuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Uganda ilipata Ebola ya Sudan mwaka 2022, na wakati chanjo za majaribio zinafika, wagonjwa walikuwa wamekwisha. Tarehe 30 Januari 2025 Uganda ilitangaza mlipuko mwingine, baada ya muuguzi wa hospitali ya Mulago kufariki. Safari hii majaribio ya chanjo yalianza mjini Kampala siku ya nne tu baada ya tangazo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, wagonjwa waliothibitishwa wakiwa 12: wachache mno kwa swali la watafiti, ingawa kwa watu wa Kampala uchache huo ulikuwa habari njema.